Mzunguko wa Mwisho wa Rima

Hakuna kilichomchosha fundi yule kama kaka yake. Angekuwa mtu baki angeshamwambia siku nyingi: weka zana chini, nenda kapumzike. Lakini utamwambiaje hivyo mtu aliyekulea baada ya baba kufariki, akakuingiza kwenye karakana yake wakati watu wanasema mwanamke na chuma wapi na wapi? Basi alinyamaza, na huko kunyamaza sasa kulikuwa kumemfika kooni.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya mbao iliyolowa mafuta ya miaka, na jiliwa mbili za kubania vyuma. Kazi iliyowapa jina mtaani ilikuwa ya matundu. Si matundu ya kutoboa tu, hayo kila mwenye mashine anatoboa. Matundu yao yalianza mapana upande mmoja yakaishia membamba upande wa pili, ili pini iliyochongoka vivyo hivyo ikipigwa humo ibane gia kwenye shafti yake, viwe kitu kimoja. Unatoboa kwanza, halafu unaingiza rima, chuma kirefu chenye makali ubavuni toka juu mpaka chini, unaizungusha kwa mpini wa mikono miwili. Mbele tu, kwa sababu ukiirudisha nyuma hata robo unayaua makali. Unazungusha, unatoa, unafuta chenga za chuma, unatia mafuta, unajaribu pini. Ikisimama nje unene wa njiti ya kiberiti, unaacha hapo hapo; hicho kilichobaki nje unakizamisha kwa nyundo, mara tatu basi. Ukizidisha, pini inadumbukia, na kama gia ni ndogo hakuna nafasi ya kupanua tundu kwa pini nene zaidi.

Sasa, mzunguko wa mwisho ulikuwa wa kaka. Dada anaweza kuhangaika na chuma kigumu asubuhi nzima, mabega yakawaka moto, lakini ikifika mwisho kaka anainuka kwenye stuli, anavaa miwani, anasema nipishe. Anamalizia yeye, na mteja anampa mkono yeye. Na alikuwa na mkono kweli, tusimsingizie. Ila mkono huo sasa ulikuwa unatetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado nusu ya chai iliishia kwenye kisahani. Ukimuuliza, anasema ni baridi. Jua la saa saba, bati linawaka, yeye anasema baridi!

Ndipo ilipokuja kazi ya zahanati. Pampu ya maji pale ilikuwa imekatika gia, na wanawake waliokuja kujifungua walikuwa wakiletewa maji ya ndoo kutoka mtaa wa pili. Muuguzi mkuu, mama mmoja mnene wa maneno machache, aliwaletea gia tatu za chuma kigumu na shafti zake, zilizong'olewa kwenye pampu nyingine mbovu, akawaambia ikipona moja inatosha, na kwamba duniani hazitengenezwi tena. Gia ya kwanza kaka aliimalizia Jumatatu. Mkono ukacheza, tundu likawa na umbo la yai, pini ikadumbukia mpaka ikatokea upande wa pili. Akasema chuma kibovu. Ya pili akaimalizia Jumatano, ikawa vile vile, akasema pini ndiyo mbovu. Dada alitoka nje akasimama uani akihesabu matofali ya ukuta wa jirani, maana angebaki ndani angesema neno lisilorudishika.

Ikabaki moja. Muuguzi mkuu akatuma ujumbe kwamba atakuja Ijumaa mwenyewe, na kwamba juzi mama mmoja alijifungua maji yakiwa yameisha. Dada alipousoma ujumbe huo kwa sauti, kaka aliitikia kwa kichwa, akasema Ijumaa atavaa ile miwani mpya.

Miwani! Dada hakulala vizuri. Akimwacha, zahanati inabaki na ndoo. Akimzuia mbele ya muuguzi, anamvunja mtu aliyebaki na kitu kimoja tu cha kujivunia. Akamlaani kaka, akajilaani mwenyewe, kisha akalaani na gia.

Ijumaa alikwenda karakana mapema kutafuta tambara safi kwenye sanduku la zamani la kaka, na chini kabisa akakuta rima imeviringishwa ndani ya kitambaa. Saizi ile ile ya rima yao ya kazi. Akapitisha kidole kwenye makali, kidole kikateleza. Na hayakuwa yameliwa na kazi, yalikuwa yamesuguliwa kwa jiwe, moja baada ya jingine, yakawa butu sawasawa. Alishangaa nani anahangaika kuua rima, halafu anaipaka mafuta na kuitunza namna ile. Lakini hakuwa na muda wa kushangaa, maana wazo lilikuwa limeshamwingia.

Akabana gia na shafti kwenye jiliwa, akafanya kazi yote mwenyewe na rima kali. Chuma kilipiga kelele, akapunguza nguvu, akatia mafuta. Akajaribu pini mara sita. Mara ya saba ikasimama nje unene wa njiti ya kiberiti. Tundu limekwisha. Akachomoa rima kali kwenye mpini, akafunga ile butu, isiyoweza tena kukata kitu.

Kaka aliingia pamoja na muuguzi, wameshakutana mlangoni. Akavaa miwani mpya, akauliza imebaki kiasi gani. Dada akasema umebaki mzunguko wa mwisho tu. Kaka akashika mpini, akavuta pumzi, akazungusha. Mkono ukacheza, rima ikarudi nyuma kidogo, ikaenda mbele tena, na haikukwaruza kitu. Akaitoa, akaingiza pini. Njiti ya kiberiti, barabara.

"Umeona?" akasema, meno yote nje. "Nilikwambia pini zile ndizo zilikuwa mbovu."

Muuguzi akampa mkono, akamshukuru mpaka kaka akaona haya, kisha muuguzi akatoka kumwita dereva. Dada akashusha pumzi. Kaka, kwa mazoea yake, akachukua tambara kufuta rima. Akafuta, akatazama tambara. Mafuta yalikuwa safi, hayana hata chenga moja. Akapitisha kidole kwenye makali, taratibu, mpaka mwisho. Tabasamu likamfutika usoni.

"Hii umeitoa kwenye sanduku langu."

Dada akaanza kusema kwamba alitaka tu, kwamba zahanati, kwamba asimwelewe vibaya. Kaka akamkatisha kwa mkono.

"Hii niliisugua mwenyewe," alisema. "Ulipokuwa unajifunza. Mikono yako ilikuwa na pupa."

Ilimchukua muda kumwingia. Mwaka ule wa kwanza kaka alikuwa akiwaita wateja waje waone mdogo wake anavyomalizia tundu. Mama yao alitangaza mtaa mzima. Hata siku ya harusi yake dada alisimama akasimulia kuhusu tundu lake la kwanza. Miaka thelathini anasimulia tundu lile.

"Yaani tundu langu la kwanza..."

"Lilikuwa langu. Na la pili. Mpaka kama la ishirini hivi."

Damu ilimchemka. Alitaka kumpigia kelele, amuulize alimwona mjinga kiasi gani, lakini rima ilikuwa bado mkononi mwa kaka na aliyeifunga kwenye mpini leo ni yeye.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza hatimaye.

"Ulikuwa unafurahi."

"Na wewe leo?"

Kaka alivua miwani mpya, akaifuta kwa tambara lile lile la mafuta, ikazidi kuchafuka.

"Na mimi nilifurahi," alisema. "Mpaka nilipotazama tambara."

Nje honi ya gari la zahanati ililia. Kaka akaviringisha rima butu kwenye kitambaa chake, akairudisha chini ya sanduku. Kisha akachukua nyundo, akamgeuzia dada upande wa mpini, akaenda kukaa kwenye stuli.

"Gonga wewe," alisema. "Mara tatu, usizidishe."

Dada alijua mwenyewe kwamba ni mara tatu. Akagonga.