Shule Mbili, Binti Mmoja

Tulipokuwa Buffalo, Marekani, mwalimu wa binti yetu alituita shuleni, mimi na mume wangu, tukaenda na hofu. Kwetu Kongo, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na hata kambini Tanzania nilikokulia, mzazi haitwi shuleni kwa jambo jema. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti juu. Mwalimu akaweka simu mezani, na kwenye simu alikuwepo mkalimani, mwanamume mwenye lafudhi ya Kirundi. Mwalimu alisema kwa muda mrefu huku akitabasamu. Mkalimani akasema, "Mwalimu anasema mtoto wenu amepewa zawadi."

Mume wangu akashukuru. Tukangoja. Mwalimu naye akangoja. Mwishowe mume wangu akaniinamia. "Bon, hiyo zawadi iko wapi?"

Tulielewa baadaye kwamba zawadi yenyewe ni akili. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa anasoma vitabu vya watoto wakubwa, na hesabu za darasa lake alikuwa amezimaliza zote. Mwalimu alitaka awekwe kwenye darasa la watoto wa aina hiyo. Tulirudi nyumbani tukicheka kwenye theluji. Sikujua bado kwamba akili ya mtoto inaweza kumnyima mzazi raha.

Hilo darasa hakuliingia. Mwaka 2015 mume wangu alipata kazi kiwandani Jeffersontown, kando ya Louisville, na baridi ya Buffalo ilikuwa imetushinda. Tukafungasha. Njiani tulilala Columbus kwa dada yangu mkubwa, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa amepelekwa shule ya wenye akili miaka miwili kabla. Nilitarajia anipe moyo. Alikuwa anasonga ugali, akaniambia bila kugeuka, "Usimupeleke. Ule wangu walimurudisha kimya."

"Kimya namna gani, dada? Anafeli?"

"Hafeli. Anapata alama zote. Lakini hapa nyumbani hasemi na mutu."

Nikamtazama mpwa wangu sebuleni. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba yuko salama. Sikuona ubaya wowote. Lakini sikuona furaha pia, na nikaondoka Columbus nikiwa na swali ambalo sikwenda nalo.

Louisville tulipanga nyumba upande wa Iroquois, wanakokaa wakimbizi wengi. Buffalo nilikuwa nimezoea kwamba mtoto anakwenda shule iliyo karibu, basi. Hapa tukaambiwa tuchague. Zilibaki mbili. Moja ilikuwa karibu na kwetu, imejaa Wakongo, Wasomali na Wanepali, na katibu wake alitusalimia "jambo" kwa sauti kubwa. Nyingine ilikuwa mashariki ya mji, safari ndefu kwa basi la shule, ina darasa la wenye vipaji, na ilikuwa tayari kumpokea.

Ile ya mbali nilikwenda kuitazama na binti yangu tu, kwa kuwa baba yake alikuwa kazini. Siku hiyo mkalimani wa simu hakupatikana, hivyo binti yangu ndiye akawa mkalimani wa habari zake mwenyewe. Mama wa Kizungu alitutembeza. Korido zilikuwa kimya, kuta zimejaa michoro, na kulikuwa na chumba kizima cha vyombo vya sayansi. Yule mama alieleza maneno mengi sana mbele ya mlango wa darasa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema ni pazuri."

"Yote yale ni 'pazuri'?"

"Ndiyo, mama."

Nikachungulia darasani. Niliona mtoto mmoja tu mweusi, amekaa karibu na mlango. Nikamwambia binti yangu, "Muulize kama kuna watoto weusi wengine."

Akaniangalia kama nimemvua nguo mbele za watu. "Mama, siwezi kuuliza hiyo."

"Uliza."

Akamgeukia yule mama, akasema kitu. Yule mama akacheka na kujibu kwa furaha, akionyesha upande wa pili wa korido. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini nilikuwa nafanya kazi ya kuwatunza wazee, na mambo ya chakula nilikuwa nayajua vizuri. Alikuwa anaeleza kuhusu chakula cha mchana.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville. Tulikuwa tunatandika vitanda pamoja, na alikuwa na subira na Kiingereza changu. Nikamsimulia. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: binti yangu akifika kule, watamwona kama nani?

"Mkongo," nikasema. "Mkimbizi."

Akatikisa kichwa. "Hawatajua Kongo. Watamwona mtoto mweusi, kama nilivyokuwa mimi."

Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alipandishwa basi kila asubuhi kwenda shule za Wazungu upande huohuo wa mji. Alijifunza hesabu vizuri kule, na alijifunza na mengine, ambayo hakuyataja. "Mpeleke," akasema. "Vitabu vizuri viko kule." Tukaendelea na vitanda. Tulipokaa kula, akaweka kijiko chini. "Hapana. Usimpeleke." Nikangoja aeleze. Akachukua kijiko, akaendelea kula.

Nyumbani mume wangu hakuwa na mashaka. "Mungu alimupa akili, donc ni ya kutumia. Sisi tulikimbia vita ili mutoto asome pa karibu?"

"Na kama atakuwa kimya kama wa dada?"

"Kimya haiue mutu."

Binti mwenyewe tulipomuuliza, jambo ambalo wazazi wangu wasingelifanya kamwe, alisema, "Popote." Basi akaenda mashariki.

Majani ya miti yalipoanza kuanguka tukaitwa shuleni. Safari hii mkalimani alikuwepo, mwanamke Mtanzania. Mwalimu alikuwa na sura ya mtu aliyepotea kama mimi. Alisema binti yetu anasoma vizuri kuliko wote darasani, lakini kila siku anatolewa saa ya hesabu kwenda chumba cha watoto wasiojua Kiingereza. Kwa sababu nyumbani tunasema Kiswahili walimpima lugha, na akaanguka. Walimwonyesha picha ya dirisha, akasema hajui linaitwaje. Wakamwonyesha kijiko, hajui.

"Mtoto huyu anasoma vitabu vya darasa la saba," mwalimu akasema. "Hajui kijiko?"

Mume wangu alitazama sakafu. Mimi nilimtazama binti yangu, naye akatazama dirisha.

Tulimuuliza kwenye gari. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Nilijua. Lakini chumba kile kina msichana wa Nepal na mwingine wa Kongo. Tunacheka."

"Na darasani kwako?"

"Darasani ninasoma."

Nilitaka kumkaripia, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Kesho yake nilimweleza mwalimu ukweli, nikamwomba asimtoe kwenye chumba kile, bali ambadilishie saa, hesabu zisimpite. Mwalimu alisema utaratibu hauruhusu mtoto anayejua Kiingereza kukaa pale. Nikasema, kwa Kiingereza changu, "Rafiki zake wako pale." Alifikiri, kisha akakubali wawe wanakula pamoja na kusoma pamoja Ijumaa.

Ndivyo alivyomaliza shule ya msingi. Hakuwa kimya kama mpwa wangu, wala hakuwa yule mtoto wa Buffalo aliyekuwa akinisomea kwa sauti nikiosha vyombo. Alama zake zilikuwa nzuri mpaka mwisho. Dada yangu wa Columbus hunipigia na kuniuliza kama nilichagua vema, maana ana mtoto mwingine anayekaribia umri huo. Kila mara naanza kumjibu, halafu namuuliza habari za baridi.