Nilivyoivunjia Marekani Heshima Msibani Ukweni

Aibu hii sijawahi kuizoea, na hadi leo nikifika Iguguno, kijijini kwa wakwe zangu, nikaona watu wawili wananong'onezana, najua wananisema mimi.

Baba mkwe alikuwa amefariki, wanaume tumekaa chini ya turubai tunasubiri ibada, ndipo shemeji yangu Elia (kaka wa mke wangu, mnunuzi wa alizeti, taarifa ya habari haimpiti) akaniuliza, "Mwalimu, hivi kati ya Marekani na China, sisi tushikamane na nani?" Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mimi nafundisha historia kule Manyoni, na kunyamaza mbele za watu sijui, basi nikaanza, mara mikopo, mara bandari, mara madini, Elia akasema Mchina atatubana na madeni, rafiki wa kweli ni Marekani, nikampinga, akanipinga, sauti zikapanda, nikasimama (hata sijui nilisimama saa ngapi) nikafoka:

"Huyo mzee amekwisha! Ametutawala vya kutosha, aondoke na sisi tupumue!"

Kumbe mchungaji alishainua mkono watu wanyamaze, na jeneza lilikuwa linatoka mlangoni. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma ya jeneza, akanitazama. Mke wangu akajifunika uso kwa khanga.

"Mama, nilikuwa nasema Marekani," nikajitetea, na hapo nikaharibu zaidi, maana waliokuwa hawajasikia wakaanza kuulizana mkwe kasema nini.

Wasifu wa marehemu nilipangiwa kusoma mimi, akapewa Elia. Makaburini nilisimama nyuma ya wote, na hakuna aliyenipokeza koleo.

Jioni nikaenda kumpigia mama mkwe magoti. "Shikamoo mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Kisha akasema taratibu, "Mzee wako alikuwa upande wa Marekani, hukujua? Kila siku na redio yake. Angekuwepo angekujibu, mngebishana mpaka chakula kipoe."

Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza katika msiba ule, kwa sababu miaka yote niliyokuwa mkwe wake nilimwamkia tu nikainamisha macho (nikidhani ndiyo heshima), sikuwahi kumuuliza chochote.

Siku hizi nikiwa msibani, mtu akianza habari za mataifa makubwa, nanyanyuka naenda kupasua kuni. Nikibanwa sana, namuuliza mzee aliye jirani yangu yeye anaonaje, halafu nafunga mdomo nimsikilize.