Utepe wa Mlangoni

Wiki iliyopita mafundi walipaka rangi korido ya ofisi yetu hapa Singida mjini. Wenzangu waliisifu. Mimi nilisingizia mafua nikatoka nje, nikakaa juani mpaka saa ya chai. Harufu ya rangi mbichi hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Ilongero, kwenye zahanati ya kanisa yenye vyumba viwili, na kwa mama yangu mdogo, Elineema.

Kila mwaka, mtama ukishavunwa, tulipata wageni wa misheni kutoka ng'ambo. Walikuwa watu wema. Naomba hilo lieleweke mapema. Walikuja na ndoo za rangi wakaipaka zahanati kwa bidii, jua likiwababua pua. Mwaka wa kwanza ukuta ulihitaji rangi kweli. Mwaka wa pili ulikuwa bado unang'aa, na wazee wa kanisa wakaingiwa na wasiwasi: mtu amesafiri kutoka mbali kote huko kuja kukusaidia, utamwambiaje kwamba hakuna kazi? Basi tukaitwa sisi watoto wa shule ya Jumapili, tukapewa magunzi na mchanga, tukausugua ukuta mpaka ukaonekana mzee. Ikawa desturi. Tulishindana nani atachubua pakubwa zaidi, tukarudi nyumbani tumejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Bibi alitucheka.

"Sugueni taratibu, wajukuu zangu. Mkitoboa, mwakani watatuletea saruji."

Hakuna aliyewaambia wageni kwamba tulichokosa ni nesi wa pili. Tulikuwa na Nesi Roda peke yake, na ndiye pia aliyejua Kiingereza cha kutosha. Wageni wakifika aligeuka mkalimani, na zahanati ikabaki bila mtu.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu. Mama mdogo, ambaye alikuwa akiishi kwetu, alishaharibikiwa mimba mara mbili, na Nesi Roda alikuwa amemwonya kwamba hii ya sasa asithubutu kuizalia nyumbani. Alikuwa ameshafuma kofia ya sufu ya njano. Alinivalisha mimi kujaribu, ikanikaa utosini kama kifuniko cha birika, tukacheka wote.

Siku ya makabidhiano, wageni walimaliza chumba cha kuzalishia asubuhi. Walifunga utepe wa bluu mlangoni ili ukatwe jioni mbele ya watu wote, kisha wakaondoka na gari lao, na Nesi Roda ndani yake, kwenda kuhubiri kijiji cha mbali. Muda si mrefu uchungu ukamshika mama mdogo. Bibi alimkokota, mimi nikabeba beseni na khanga.

Kupitia dirishani tuliona kitanda, kimetandikwa shuka jipya. Mzee wa kanisa aliyekuwa akipanga viti uwanjani alikuja mbio, akamtuma kijana wa bodaboda akamlete nesi. Lakini Bibi alipouangalia mlango, mzee yule alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, utepe huo ni wa wageni. Wakikuta umekatwa, tutawaambia nini?"

Nilimngoja Bibi amjibu. Bibi yangu aliwahi kumfokea diwani hadharani. Siku ile aliitikia kwa kichwa, akatandika khanga barazani, chini ya dirisha.

Kijana wa bodaboda alimkuta nesi jukwaani, akitafsiri mahubiri. Akaona si adabu kukatiza neno la Mungu. Akasubiri amina.

Mtoto alitanguliza miguu. Alipotoka hakulia. Gari lilipofika, Bibi alikuwa ameshamfunga kwenye khanga, na harufu ya rangi ilikuwa imetanda baraza zima. Mama mmoja wa kizungu alipiga magoti pale sakafuni, akalia machozi ya kweli. Akauliza jambo, na Nesi Roda akatutafsiria: anauliza kwa nini hamkufungua mlango.

Bibi alimtazama yule mgeni.

"Tulikuwa tunawasubiri ninyi, mwanangu."

Nesi Roda akamgeukia mgeni akasema maneno mengine, mafupi, kwa Kiingereza, na yule mama akamkumbatia Bibi. Mpaka leo sijui aliambiwa nini. Mwaka uliofuata walirudi na rangi.

Mchungaji alituambia ni mpango wa Mungu, nami nikamkasirikia Mungu miaka mingi, maana yeye hakuwa mgeni wa mtu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mlango ule haukuwa na kufuli. Kilichouzuia ni kitambaa chembamba ambacho mtoto wa darasa la tatu angekikata kwa meno, na heshima yetu sote. Bado nasali. Lakini nikifika mahali pa kusema mapenzi yako yatimizwe, huparuka.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani baada ya mavuno. Kabla sijaiona zahanati nilisikia magunzi yakikwaruza ukuta. Mama mdogo, ambaye hakupata mtoto tena, alikuwa akiwagawia mchanga watoto wa shule ya Jumapili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie, wageni wanaingia Jumatatu."

Akainama akaendelea kusugua, pale pale chini ya dirisha. Nikaokota gunzi.