Alimuuliza Mama Kwanza

Habari nilizipata Jumanne asubuhi kwa kinyozi, nusu ya kidevu changu ikiwa bado na povu. Mwanamume aliyekuwa akingoja zamu alisema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba yule mama aliyekuwa akipiga deki kwenye nyumba ya kujifungulia amefariki, na kwamba aliugua siku chache tu. Nilimwomba kinyozi asite kidogo. Alidhani amenikata. Ningemweleza nini? Marehemu hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu, na katika miaka kumi na mitatu sidhani kama tulikaa na kuongea zaidi ya mara tano. Hata hivyo niliinuka, nikaenda nyumbani na ndevu za upande mmoja, maana mke wangu ilibidi aisikie habari ile kutoka kwangu kabla hajaisikia sokoni. Wasomaji wangu wa kila Jumamosi mnanijua kwa kugombana na reli, na umeme, na wakubwa. Leo mnivumilie. Nina ugomvi na mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Kazi yake ilikuwa ndoo na tambara. Hakuwa mkunga, wala hakuwahi kujifanya mkunga. Ila hapa Kamina wake wengi wa wafanyakazi wa reli huzaa mbali na mama zao. Mama yuko Luena anangoja treni, na treni yetu mnaijua, huja siku inayopenda yenyewe. Basi mwanamke anaingia kuzaa akiwa na jirani mmoja mwenye haraka, na mume kasimama nje ya dirisha hajui mikono aiweke wapi. Yule mama alipomsikia mwanamke anamlilia mama yake, aliiacha ndoo mlangoni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akapanda kitandani na kukaa nyuma yake, ili mwenye uchungu apate kifua cha kuegemea. Mwanzoni wauguzi walimkaripia. Baadaye wao wenyewe walikuwa wakituma mtu akamwite. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, kupitia dirishani, siku mke wangu alipojifungua mara ya kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa amekwama Kabondo-Dianda, mvua imekata njia. Nilimsikia yule mama akisema kwa sauti ya mtu anayetuliza maji kwenye ndoo: “Mama yako iko mu njia. Mupaka akuje, minyi ndiyo mama. Egemea.” Mke wangu akaegemea. Watoto wakaja wawili.

Mapasa kwetu si jambo dogo. Kabla hatujafika nyumbani mama yangu mzazi alikuwa ameshakusanya wanawake wa ukoo, wamejipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, na zile nyimbo za mapasa zimeanza, zile zenye matusi ya kuchekesha ambazo siku nyingine ukiziimba utapigwa. Walinitukana mimi, wakamtukana mke wangu, wakacheka hadi machozi, na mimi nikacheka nao. Nyimbo hizo ni heshima. Tena kwetu mama wa mapasa hatakiwi kununa wala kulia, kwa sababu inasemekana mapasa wakiona huzuni hukasirika na kurudi walikotoka. Hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo. Siku ya tatu mke wangu alipoanza kufuta macho kwa pembe ya kitenge, mama yangu alimwinamia na kumwambia kwa upole wote alio nao, “Usilie, mutoto yangu, utabafukuza.” Kisha akawageukia wenzake, nao wakaongeza sauti.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa upendo. Kila alipokuwa anazama, sisi tuliimba zaidi. Aliacha kula, akisema ameshiba. Aliwanyonyesha, akawaosha, akawafunika vizuri, akakaa anautazama ukuta. Wageni walimsifu: mama mtulivu, mama mwenye adabu, watoto wawili na wala hasikiki. Mimi nilizisikia sifa hizo nikajisikia mkubwa. Jioni nikirudi kazini nilikuwa nikipita moja kwa moja hadi kwa watoto, nawahesabu vidole, nauliza wamenyonya mara ngapi. Sikumbuki hata siku moja, katika majuma mawili ya mwanzo, niliyomuuliza mke wangu hali yake. Nimejaribu sana kuikumbuka siku hiyo, na haipo.

Alasiri moja yule mama alipita kwetu akitoka kazini. Aliingia katikati ya nyimbo. Desturi inataka mgeni akabidhiwe mtoto mikononi, asifu, apulize baraka, ndipo akae. Mama yangu akamnyooshea mtoto mmoja, naye hakumpokea. Alipita, akaketi mkekani kando ya mke wangu, akamtazama usoni. Nyimbo zikapungua, maana jambo hilo lilikuwa karibu na tusi.

“Weye, ulilala?” aliuliza.

Mke wangu akajibu kwamba watoto hawajambo.

“Batoto, minaona. Minyi minauliza weye.”

Kisha mke wangu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake halisi tangu ajifungue, “Tangu nilitoka kule, usingizi haikuye. Banaimba, lakini minaona kama banaimbia muntu mwingine. Minawaza batoto bangepata mama mwingine, ingekuwa muzuri kwa bo. Na nikilia, batarudia.”

“Nani alikuambia batarudia?”

“Bote.”

“Minyi nilisikia bamama bengi banalia pale kwetu, ba mapasa na ba mutoto mumoja. Machozi haiue mutoto. Lia.”

Mke wangu akalia. Nilisimama mlangoni na koti langu la kazi, nikaogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu nilielewa kwamba ningeweza kumpoteza huku nyumba imejaa watu. Mama yangu alitaka kusema neno, lakini yule mama alimtangulia kwa heshima. “Mama mukubwa, nyimbo iko muzuri, musiache. Mutwale batoto, mubaimbie kule inje. Huyu atalala.” Nao wakatoka. Aliponipita mlangoni alinipiga kidogo begani. “Na weye wa gazeti, unaandikaka bintu mingi, lakini mu nyumba yako hauone. Kesho tunaenda naye kwa munganga.”

Tulikwenda kesho yake, na mara nyingi baada ya hapo. Daktari alituambia ni ugonjwa, kwamba unawapata wazazi wengi, kwamba haumaanishi mama hawapendi wanawe, na kwamba unatibika. Haukuondoka kwa juma moja wala kwa mwezi mmoja. Mama mkwe alifika, barabara ilipokauka, akakaa nasi hadi mavuno. Mama yangu, mkaidi yule, alikuwa akija kila asubuhi kuwachukua wajukuu na kuwaimbia chini ya paa la jiko, na ole wa mgeni aliyepita kumwamsha mke wangu. Yule mama wa ndoo alipita mara tatu nne tena, kila mara na swali lilelile, kisha akaacha kuja kwa sababu wengine walimhitaji. Kumshukuru nilikuwa nikipanga. Niliwahi hata kuanza makala juu yake, nikaiacha nikaandika juu ya nguzo za umeme.

Namlilia yule mama. Nalisema hivyo hivyo. Namlilia kila ninapoona picha za kichanga kwenye simu, na chini yake hongera mia na mioyo myekundu, na sioni mtu hata mmoja anayemuuliza mama kama amelala. Siku ya kupima watoto tunauliza kilo, tunaangalia kadi, tunasifu mashavu. Zamani, kule vijijini, mzazi alikuwa na wanawake wa kumshika mgongo kwa majuma. Reli ilitupa kazi na ikatutawanya, na mahali pa wanawake wale tuliacha pengo ambalo mfanyakazi mmoja wa usafi alijaribu kuliziba, bila kutumwa na mtu. Sasa na yeye hayupo. Kama mnataka funzo kutoka kwa mtu aliyechelewa kulijua, ni hili: ukienda kumwona mtoto mchanga, mwache mtoto kidogo. Muulize mama yake, kisha ukae chini ungoje jibu, kwa sababu jibu la kwanza litakuwa juu ya mtoto.

Tulikwenda matangani Alhamisi mchana, mimi, mke wangu na mapasa wetu, ambao sasa wananifikia begani. Uani wanawake walikuwa wakihesabu ni nani na nani waliozaa wakimwegemea marehemu. Ndani alikaa binti yake wa mwisho, ana kichanga cha majuma matatu kifuani, macho makavu kabisa. Kila aliyeingia alimsifu kwa uvumilivu wake, na shangazi mmoja alikuwa akirudia kwamba mama anayenyonyesha akilia msibani maziwa yanaharibika. Mimi, na aibu hii naiandika makusudi, nilifungua mdomo kumuuliza mtoto anaitwa nani. Mke wangu alinipita. Alivua viatu, akaketi nyuma ya yule binti, akamwekea kifua chake mgongoni.

“Ulilala?”

“Mutoto iko muzuri, dada.”

“Minauliza weye.”

Mke wangu akanyoosha mikono, akamchukua mtoto taratibu na kunikabidhi mimi, na kwa macho akanionyesha mlango. Nilikuwa nimefika kizingitini, kichanga kinanusa shati langu, nilipomsikia binti anaanza kumlilia mama yake, na mke wangu akimwambia, “Egemea.”