Spika Zangu Mpya na Baraka za Baba Mkwe

Aibu hii nimeishi nayo mwaka wa pili sasa, na ningemwachia mke wangu aisimulie, lakini hajawahi kuitaja hata mara moja.

Yote yalianzia sebuleni kwangu hapa Arusha, ambako nilikaa miezi mitatu nikijiuliza kama kuna haja ya kubadilisha spika za home theater. Za zamani zilisikika vizuri tu (taarifa ya habari haihitaji mtikisiko), lakini mtu akishafika umri wangu, watoto wameondoka nyumbani na nywele nazo zinawafuata, huanza kudhani kuna kitu anakikosa. Nikasoma, nikalinganisha, nikawauliza watu wasiojua, mwishowe nikaenda dukani, na muuzaji akanimaliza kwa kitufe kimoja cha rimoti: ukikibonyeza, sauti ya mwimbaji inaondolewa, unabaki muziki, unaimba mwenyewe. Nikanunua. Juma zima nikawa nafuta kwaya nzima na kuweka sauti yangu.

"Baba Neema," mke wangu akaniuliza, "hivi hizi zina tofauti gani na zile?"

Nikaapa kwamba siku moja nitampatia ushahidi.

Ndipo baba yake akafariki, kijijini Oldonyo Sambu. Mzee alikuwa ameugua muda mrefu, na wiki chache kabla alimwomba binti yake amrekodi kwenye simu, akiwa amekaa nje mbuzi wakirudi zizini, akitoa baraka zake za mwisho kwa Kimaasai. Kwao baraka haisemwi ikaachwa hewani: mzee husema neno, watu wote huitikia "Naai!" wakimwita Mungu, ndipo aseme jingine. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Yeyo, alitaka kitu kimoja tu: kabla jeneza halijashuka, mumewe asikike, na umati umwitikie.

Shemeji yangu Saitoti alikuwa ameshaazima spika za kanisani, zile kama tarumbeta zinazofungwa juu ya mti. Nikamwambia azirudishe, mimi naleta mtambo. (Hapo ndipo nilipojichongea, kwa sentensi moja.)

"Shemeji, una hakika? Hizo si za ndani?"

"Utasikia mwenyewe."

Siku ya mazishi nilizipanga karibu na kaburi, nikaziunganisha na jenereta ya kukodi, sabufa chini ya meza ya mchungaji, na mchungaji akahubiri kwenye maikrofoni sauti ikitoka tamu, hata nikamtazama mke wangu kwa pembe ya jicho, kwenye msiba wa baba yake, nione kama ameigundua tofauti. Huyo ndiye mimi.

Kisha Saitoti akatangaza kwamba mzee atasema. Wanaume wakavua kofia. Nikaunganisha simu ya mke wangu, nikabonyeza.

Wakalia mbuzi.

Mbuzi, kengele, upepo, mbuzi tena, wazi kabisa, na mzee hayupo. Kile kitufe kilikuwa bado kimewashwa tangu nyimbo zangu za sebuleni. Sauti ya maikrofoni hakikuigusa, lakini kwenye rekodi ya simu kilichuja sauti ya mtu kikaacha mifugo. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Pale nilidhani sauti ni ndogo, nikaongeza, na wazee wa nyuma, waliosikia kitu kikinguruma kisha kikatulia, wakadhani ndiye mwenyewe, wakaitikia kwa nguvu, "Naai!" Mbuzi akalia. "Naai!" Wanawake waliokuwa mbele wakafunika nyuso kwa khanga, na sikujua kama wanalia au wanacheka.

"Zima!" Saitoti akaninong'oneza. "Zima, shemeji, wazee wanaitikia mbuzi!"

Rimoti ilikuwa kwenye kochi, mjini. Nikaongeza sauti tena (usiniulize kwa nini), jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nikaiinua simu peke yake juu ya kichwa. Kwa umati ule ilikuwa nyuki ndani ya chupa. Mawingu ya mlimani yalikuwa yameshatufikia na matone ya kwanza yanapiga udongo wa kaburi. Mchungaji akamtazama Yeyo, Yeyo akainamisha kichwa kukubali, jeneza likashushwa.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, Yeyo alituita ndani: mke wangu, Saitoti na mimi. Nilibaki mlangoni, maana kwao mkwe hamsogelei mama mkwe hovyo, na siku hiyo niliishukuru mila hiyo. Mke wangu akaiweka simu kwenye kiganja cha mama yake. Mzee akasikika, kila neno. Akatuombea watoto na mvua, Saitoti akinitafsiria kwa kunong'ona, kisha akanyamaza. Alikuwa ameacha nafasi, ndefu, ya kutosha watu wengi kuitikia na mwangwi wao kuisha. Sisi wanne tuliitikia tulivyoweza, na nafasi ikabaki. Neno jingine, nafasi nyingine, na mvua juu ya bati.

Ilipokwisha, Yeyo hakunilaumu. Alimwambia binti yake, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Amewasubiri watu."

Basi ukiniuliza kama inafaa kubadilisha spika, nitakwambia badilisha ukitaka, ila zisivuke kizingiti cha sebule yako. Zangu zimo ndani ya boksi. Na popote nikutapo mzee anatoa baraka, hata kwa watu nisiowajua, husimama nyuma nikaitikia "Naai!" kwa sauti iliyozidi, mpaka wa mbele wanageuka kunitazama, na sinyamazi.