Munkoyo Ambayo Sikuionja

Habari hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Kila nikisoma nilichoandika naona nimejipa haki yote mimi, na yule gardi nimemfanya shetani. Hakuwa shetani. Lakini nilimchukia, na nikilifuta neno hilo nitakuwa naandika uongo.

Mwaka ule wa ndui nilikuwa mjane mwenye mapasa, watoto wawili wa mimba moja, ndani ya site, mtaa wa weusi, hapa Élisabethville. Masista walinifundisha kusoma kidogo na kushona, lakini kilichotulisha ni munkoyo. Jioni napika uji wa mahindi, natia maji ya mizizi iliyopondwa, usiku unageuka kinywaji, asubuhi nabeba mitungi sokoni. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili inachacha, halafu ni ya kumwaga.

Kwetu mwenye kupika anaonja kwanza. Unafungua mtungi, unakunywa mbele za watu, ndipo kikombe kinapita kwa wengine, kile kile kimoja. Usipoonja, hakuna atakayekunywa. Watasema umetia dawa ndani.

Ndui ilipoingia, mzungu wa mambo ya afya akatoa amri: site ifungwe, watu wote wachanjwe, sokoni kusiuzwe kinywaji. Gardi, askari wa afya aliyeleta amri, alikuwa mweusi kama sisi, jirani yangu, tena mnunuzi wangu wa kila asubuhi. Alikuja na polisi wawili.

"Mama wa mapasa, funga bintu yako. Hakuna kupitisha kikombe tena."

"Baba, niachie hii ya leo tu. Kesho itakuwa chachu."

"Ikikuwa chachu, utanawia miguu."

Polisi wakacheka. Nami nikasema, "Na bale banaume ba kazi ya mugodi? Kila asubuhi banabajaza mu lori sawa makala ya kupikia mu gunia. Bo, ndui haibaone?"

"Shaba haiwezi kungoya," akasema. "Munkoyo inaweza."

Watu wakacheka tena, hata wanawake wenzangu. Akaisukuma mitungi kwa kiatu, mmoja baada ya mwingine, akitabasamu. Ardhi ikanywa yote.

Hapa lazima niseme na upande wake. Yule mama mzee aliyeuza sombe, majani ya muhogo, karibu nami alikufa kwa ndui, na kila siku alikuwa akinywa kwenye kikombe changu. Labda ni kikombe, labda sicho. Sijui, na daktari hakuniambia. Nikisema amri ilikuwa ya bure, namdanganya marehemu. Tena siku ya chanjo yule gardi alishika mikono ya mapasa wangu yeye mwenyewe, polepole, akawachekesha wasilie. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini amri ilisema funga. Haikusema mwaga. Wala haikumwambia atabasamu.

Soko la vinywaji likabaki limefungwa muda mrefu. Niliuza kitanda, nikauza vitenge vya arusi yangu. Watoto walikula sombe bila bukari, ugali wetu, wakawa wanaamka wakiniuliza kama leo napika. Na lori za kazi zilipita zimejaa kila asubuhi, nikizihesabu kwa moyo wa kisasi.

Ndui ikaisha, nikarudi sokoni. Siku moja mke wa gardi akaja kwangu: binti yao anaolewa, wakwe ni watu wa Kasai, wafanyabiashara wenye kujiheshimu, na munkoyo bora ni yangu. Nikakubali upesi mno. Nikapika vizuri kuliko siku zote, hilo pia ni kweli.

Siku ya arusi nikapanga mitungi mbele ya wakwe, nikafungua, nikajaza kikombe, nikampa gardi.

"Onja kwanza, mama," akasema.

"Baba, weye njo uliniambia hakuna kupitisha kikombe. Mie nashika amri."

"Ile amri ilisha kwisha."

"Kwangu hakuna mwenye alikuya kusema imekwisha. Kumwaga tu njo mulikuya."

 Mkwe mkubwa akausogeza mtungi mbali naye. Shangazi wa bwana arusi akauliza, si kwa sauti ndogo, "Munkoyo gani hii, mwenye kuipika anaiogopa?"

Gardi akanitazama. Halafu akanywa, kikombe chote, peke yake. "Iko muzuri," akasema. "Ni ile ile."

Hakuna aliyemfuata. Anayetakiwa kuonja ni mpishi, si mwenye karamu. Wakwe wakanywa maji, wakaondoka mapema. Ndoa haikuvunjika, siwezi kujisifu hivyo. Lakini munkoyo ilipochacha aliimwaga yeye mwenyewe nyuma ya nyumba, mtungi kwa mtungi, nami nikasimama barabarani nikaangalia mpaka wa mwisho. Nilishiba siku ile kuliko siku yoyote ya bukari.

Ila sikufikiri kwamba wageni wa arusi ndio wanunuzi wangu. Sokoni wakaanza kunipita. Waliobaki wakawa hawaridhiki na funda moja, wananisimamia mpaka nimalize kikombe kizima, kwa kila mtungi, wakitania, "Kunywa, mama mushika amri." Wengine hawakurudi kabisa. Nimepima mara nyingi nani aliniharibia kazi zaidi, yeye au mimi, na sipati jibu ambalo silitilii shaka.

Gardi bado anapita sokoni asubuhi na kofia yake ya kazi. Nikimwona nafungua mtungi mpya, hata kama hakuna aliyeomba, nakunywa mpaka tone la mwisho nikimkazia macho. Naye anavua kofia.

"Bonjour, mama wa mapasa. Iko muzuri leo?"

Mpaka sasa sijajua kama ananicheka. Namjibu iko muzuri, na simpi.