Safari ya Kumwahi Bibi

Mama yangu alizaliwa Kariakoo, akaolewa Kariakoo, na hakuwahi kuamini kwamba kuna mtu anayekusaidia bure. Ukimbebea kikapu kutoka sokoni hadi mlangoni, alikutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, kisha akakuuliza, "Unataka nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama karani wa dirishani. Wengi walisahau walichokuwa wanataka wakaenda zao.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa kinyume chake. Yeye alimkaribisha kila mtu, kisha akamtukana. Aliyetukanwa zaidi ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa hamali wa mkokoteni pale sokoni. Bibi alikuwa Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa na siku ya mapumziko. Kila asubuhi mzee alipita na mkokoteni wake mbele ya baraza na kuuliza, "Wewe bado hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie," Bibi alijibu, "nirithi hivyo viatu vyako."

Viatu vyenyewe vilikuwa vya tairi la lori, na hapakuwa na mtu Kariakoo nzima aliyevitamani. Mimi utani ule ulikuwa unanikera. Nilikuwa nimesoma ualimu, nikajiona mtu wa heshima, na niliona aibu kusikia Bibi anaulizwa habari za kufa kwake kabla hajapiga mswaki.

Basi mwaka ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ujamaa, kando ya barabara ya Iringa, mbele ya Morogoro. Mama alikuja kunitembelea akiwa na sabuni, kwa sababu duka letu la ushirika lilikuwa na mizani nzuri sana na hakuna cha kupima. Alimwacha Bibi nyumbani mzima wa afya, akitukana.

Asubuhi ya Jumapili balozi wa nyumba kumi alikuja mlangoni kwangu na redio kwapani, inaongea. Betri zake alikuwa anazianika juu ya bati kila siku ili zipate nguvu, na sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Akaiweka juu ya kigoda, akasimama kando yake. Msomaji alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Tulisikiliza vifo viwili vya watu tusiowajua, mmoja wa Tanga na mmoja wa Singida, kisha nikamwuliza balozi kuna nini.

"Lenu limeshapita," akasema. "Nimeileta muone tu kwamba sikujitungia."

Ndipo akatuambia. Bibi amefariki usiku. Mazishi ni leo leo, Kariakoo, saa kumi alasiri. Habari zimfikie binti yake aliyeko kijijini kwetu.

Mama alikaa chini mlangoni. Hakulia. Alisema, "Nataka kumwona uso," basi. Nilimwelewa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Unamuaga maiti wako ndani ya nyumba, na jeneza likishavuka kizingiti, wewe uliyechelewa umechelewa moja kwa moja. Kwa hiyo safari yetu ilikuwa na jambo moja tu, kufika mlangoni pale kabla jeneza halijatoka.

Balozi alitubebea mzigo mpaka barabarani. Mama akamwuliza anataka nini. Balozi alikuwa mtu mkweli, akasema anataka betri nne, kama Dar zipo. Baadaye nilimpelekea mbili, ndizo zilizopatikana.

Basi halikuwepo. Lilikuwa limeharibika tangu Ijumaa na kila mtu alilizungumzia kwa upole kama mgonjwa. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na Jumapili magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani kuanzia saa nane mchana. Aliyekuwa na gari alikimbizana na saa nane, na anayekimbizana na saa hasimami kuchukua watu. Yalitupita magari kadhaa yakituachia vumbi. Mama aliyahesabia dhambi, moja moja, kwa sauti.

La kusimama lilikuwa Peugeot pikapu lililojaa vitunguu. Dereva alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu kutoka Iringa, mtu mzima, kofia ya kitambaa kichwani, amenuna kama aliyeuziwa mbuzi kipofu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kariakoo. Tuna msiba."

Akamtazama mama. "Huyu ndiye yule aliyeko?"

Tangu hapo ndivyo mama alivyojulikana njia nzima. Kila mwenye redio alikuwa amelisikia tangazo, na kila mtu alikuwa amejiuliza kama binti aliyeko mbali atafika. Morogoro mwenye kibanda cha mafuta aliinama dirishani akasema, "Kumbe ndiye yeye. Pole sana, mama," akamjazia Mwarabu tangi bila kumwuliza kibali. Mama akamwuliza anataka nini. Yule kijana alirudi nyuma kidogo akasema hataki kitu, akawa anaonekana ana hatia.

Chalinze yule bwana alisimamisha gari mbele ya mgahawa. Akasema mama lazima anywe chai. Mama akakataa. Akasema gari haliondoki mpaka mama amekunywa chai, na akazima injini kuonyesha kwamba hasemi maneno matupu. Mama alikunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, polepole, kwa sababu ilikuwa ya moto, nami nilikuwa nimesimama nje naangalia jua. Nilimchukia yule mtu kwa dhati. Nilikuwa namwona ametuweka kati ya Bibi na kikombe.

Mbele kidogo tairi likapasuka. La akiba lilikuwa kipara kama kichwa cha mwalimu wangu mkuu, ikabidi gari liende taratibu. Saa nane ilitukuta Mlandizi, kwenye kizuizi cha polisi. Askari akanyanyua mkono. Bwana yule hakubishana. Akaegesha pembeni nyuma ya magari mengine yaliyokamatwa na saa, akavua viatu, akasema atalala pale na vitunguu vyake mpaka kesho asubuhi.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu ya njia. Bila kutusimamia, bila chai, angekuwa amefika zamani, hata kwa tairi lile. Chuki yangu ikakosa pa kukaa. Yeye akashusha gunia la vitunguu, akaliweka miguuni pa mama, akasema ni la jikoni msibani.

"Unataka nini?" mama akamwuliza.

"Nataka gari lipungue uzito," akasema. "Tairi bovu."

Askari alikuwa mrefu, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Nilimweleza habari yetu kwa Kiswahili cha darasani. Akanikatisha. "Nimesikia asubuhi. Nilidhani mmeshapita." Kisha akasimama katikati ya barabara, akayakagua magari yaliyokuwa yanakuja kama mama anavyokagua samaki. Magari yenye vibali vya serikali yaliruhusiwa. La kwanza lilikuwa na mkubwa fulani kiti cha nyuma, amelala; askari akalipigia saluti likapita. La pili lilikuwa lori la mkaa la shirika moja la umma. Hilo akalisimamisha.

Mbele palikuwa pamejaa, dereva na utingo na mwanamke mwenye mapacha. Nafasi ilikuwa juu, kwenye magunia. Askari alimpa mama bega, mama akapanda kwenye lile bega lililopigwa pasi, akaacha unyayo wa vumbi. Kutoka juu akamwuliza, "Na wewe unataka nini?"

"Nataka uondoke hapa," askari akasema, "kabla sijaanza kulia mbele ya madereva."

Nikasema asante. Akasema asante ya nini, akaenda kumkaripia mtu wa baiskeli.

Sitaieleza sana safari ya juu ya mkaa. Upepo ulivumisha vumbi lake usoni mwetu kutoka Mlandizi mpaka Ubungo. Mama alilishikilia gunia la vitunguu kama mtoto. Saa kumi ilipofika, alijua, maana tuliisikia adhana ya alasiri mahali fulani Kimara. Akafumba macho. Akasema, "Wameshamtoa." Nikamshika mkono.

Lori lilikuwa linaishia Ubungo. Kibali kilisema hivyo. Lakini Ubungo lilipita, likapita Magomeni, likaingia Kariakoo kwenye mitaa ambayo mkokoteni tu unapita kwa shida, likipigiwa kelele na kila mtu. Kwenye kona ya mtaa wetu dereva akatoa kichwa dirishani kutuambia tushuke. Mama akafungua mdomo, na dereva akamwahi.

"Sitaki kitu, mama. Nikiulizwa nitasema nilipotea njia." Kule Mlandizi alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba ameendesha Dar tangu Mwingereza hajaondoka.

Mtaa ulikuwa umejaa watu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, na ndani wanawake walikuwa kimya. Nikajua tumechelewa, kwa sababu baada ya kuzika ndivyo watu wanavyokaa. Kisha nikamwona mjomba wangu, kaka yake mama, amesimama barazani mikono kiunoni, anafoka.

Jeneza la msikiti lilikuwa pale barazani. Ndani yake alikuwa amelala yule mzee wa Kinyamwezi, amenyooka, macho ameyafumba, viatu vyake vya tairi vimepangwa kifuani.

Mjomba alitueleza kwa hasira, akisahau hata kutupa pole. Maiti alikuwa tayari tangu saa tisa. Jeneza lilipoletwa, mzee aliingia ndani yake akalala. Watani wana haki yao msibani, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo wakampa hela kidogo atoke. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa. Wakampa jogoo wa Bibi. Akasema jogoo amezeeka kuliko marehemu. Shehe akamwambia maiti hacheleweshwi. Mzee akamjibu, bila kufumbua macho, kwamba yeye na marehemu walikubaliana miaka mingi kwamba yeye atatangulia, na mashahidi ni mtaa mzima.

"Nikamwambia, binti unayemngoja hayupo njiani," mjomba akasema. "Leo Jumapili, magari hakuna. Anasema redio ikisema mtu anasikia, na akisikia anakuja. Ubishi wa Kinyamwezi tu."

Mzee akafumbua jicho moja. Akamtazama mama, aliyekuwa mweusi wa mkaa kuanzia utosini, amekumbatia vitunguu.

"Amekuja," akasema. "Wazaramo hata kuoga msibani hamuogi."

Akainuka, akavaa viatu vyake, akalikung'uta jeneza kwa kiganja. Mama alisimama mbele yake. Nilikuwa nasubiri lile swali lake. Hakuliuliza. Alimpa vitunguu avishike, akaingia ndani.

Niliingia nyuma yake. Bibi alikuwa kitandani ndani ya sanda, uso umeachwa wazi. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na ulikuwa umetulia kwa namna ambayo kwa Bibi haikuwa kawaida. Mama alipiga magoti akamwekea mkono kwenye paji la uso. Alipouondoa, alama nyeusi za vidole vitatu zilibaki.

Mwanamke aliyemwosha akaruka. "Umemchafua! Tumeshamaliza kumwosha!" Akaanza kuita maji na kitambaa.

"Kuna nini huko?" sauti ya mzee ikauliza kutoka nje ya pazia.

"Binti yake amempaka mkaa usoni."

"Mwacheni hivyo hivyo," mzee akasema. "Akiulizwa huko kama mwanawe alifika, awe na cha kuonyesha."

Mwoshaji alishika kile kitambaa, akamtazama mama, akakiweka chini, akamfunika Bibi uso. Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti, tangu asubuhi alikuwa hajalia. Wanaume wakambeba Bibi, mzee wa Kinyamwezi akiwa wa mbele kulia, na Bibi akavuka kizingiti na vidole vitatu vya mama kwenye paji lake la uso.